Mkanda wa kubana damu: wa 18,000 ulivunjika mkononi mwangu

Naanza na hukumu ili mwenye haraka asihangaike. Mkanda wa kubana damu nilioununua mtandaoni kwa shilingi 18,000 ulivunjika mkononi mwangu huku kijana anavuja damu pembeni ya barabara. Usiununue hata ukipunguziwa. Wa pili, ule wenyewe wa Kimarekani unaoitwa CAT, wanaoubeba askari, ulinigharimu 95,000 na sijutii hata senti moja. Hospitalini tunauita turniketi. Ukiukunja unaenea kiganjani.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi miaka 31, kwanza Lindi, kisha hapa Mtwara, wodi ya upasuaji ya wanaume na baadaye mapokezi ya dharura. Ila habari ya damu na mkanda niliikuta nyumbani kabla ya kazini. Marehemu baba alikuwa dresa, mfunga vidonda, kwenye zahanati ya huku mpakani. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO walikuwa na hospitali yao hapa hapa Mtwara, Hospitali ya Dkt. Américo Boavida, iliyopewa jina la daktari wa Angola aliyeuawa vitani 1968. Majeruhi walitolewa ndani ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya mpaka wetu, kwa machela, watu wanapokezana mabegani siku kadhaa porini, wanavushwa Ruvuma kwa mtumbwi, ndipo watafutiwe gari la kuwafikisha mjini. Baadhi walipitia mikononi mwa baba. Aliwasafisha, akawabadilishia bendeji, wakaendelea na safari.

Kuna neno alilirudia mara nyingi hata tukalizoea: "Sisi hatukupokea jeraha la paja." Nilipokuwa mdogo nilidhani wapiganaji wale walikuwa na namna ya kukinga mapaja. Nilipoingia chuo cha uuguzi ndipo nikamwelewa. Waliojeruhiwa paja walizikwa njiani. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kuisha ndani ya dakika chache, hata fito za machela hazijakatwa. Waliomfikia baba ni waliokanyaga bomu la ardhini wakapoteza mguu chini ya goti, na mwenzao akawahi kufunga.

Miaka mingi baadaye nilisoma hesabu ya madaktari wa jeshi la Marekani, nikaisikia sauti ya mzee. Walichambua vifo 4,596 vya askari wao vitani, kuanzia 2001 hadi 2011. Karibu 9 katika kila 10 walikata roho kabla ya kufikishwa penye daktari wa upasuaji. Kama robo ya hao walikuwa na majeraha ambayo mtu angeweza kupona, na ndani ya robo hiyo, zaidi ya 9 katika 10 waliondoka kwa sababu ya damu. Jeshi lenye helikopta na benki za damu, na bado kilichowamaliza vijana wake ni kile kile kilichowamaliza watu porini Cabo Delgado: dakika za mwanzo, na nani yuko karibu, na ana nini mkononi.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Chuoni tulifundishwa kwamba kufunga mkanda ni hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu utaua kiungo. Tulifundishwa hivyo, na mimi nikawafundisha wanafunzi wangu hivyo kwa miaka. Kilichokuja kuligeuza fundisho hilo ni kazi iliyofanyika hospitali ya jeshi la Marekani Baghdad mwaka 2006. Madaktari pale waliwafuatilia majeruhi waliofungwa mikanda. Waliofungwa mapema, kabla mwili haujazimika kwa kupungukiwa damu, 90 katika 100 walipona. Waliofungwa wakiwa wameshafika hapo, walipona 10 katika 100. Nawakumbuka wavuvi wa baruti tuliowapokea, vijana wa vijiji vya pwani ambao mlipuko uliwachukua kiganja chote kabla hawajaurusha majini. Walikuja wamefungwa kifundo kwa kamba ya nyavu. Kamba nyembamba kama ile inakata nyama na kuziba mishipa ya juu inayorudisha damu, wakati ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, ulio ndani zaidi, inaendelea kusukuma. Damu inazidi kutoka. Tulikuwa tunaikata kamba na kukandamiza kwa mikono, na hatukuwa na kitu bora cha kuweka mahali pake.

Mkanda wa kwanza niliununua mwanzoni mwa 2023. Wasiwasi ulikuwa umenianza tangu vurugu za Cabo Delgado zilipoanza Oktoba 2017, na ulizidi baada ya wapiganaji wa huko kuvuka na kuvamia kijiji cha Kitaya Oktoba 2020. Kitaya ni kwetu, mkoani Mtwara. Nikajiambia, nimestaafu, lakini mikono ninayo. Nikautafuta mtandaoni, nikaupata kwa muuzaji wa Dar es Salaam, ukaja na basi. Kwa macho ulikuwa mzuri: mkanda mweusi, bizimu, kijiti cha plastiki cha kusokotea, kishikizo cha kukizuia kijiti kisirudi nyuma, na kipande cheupe cha kuandikia saa. Nilikosea kitu kimoja tu, sikuujaribu. Niliuacha ndani ya nailoni yake, nikauweka kwenye mkoba, nikatembea nao miezi kama hirizi.

Novemba ya mwaka huo nilikuwa narudi kutoka mazishini Lindi. Msimu wa korosho, malori yanafuatana. Tulipopita Mpapura basi likasimama. Bodaboda ilikuwa imeingia ubavuni mwa lori, dereva amesimama hana hata mkwaruzo, abiria wake yuko chini, mguu wa kulia umepondwa kuanzia chini ya goti. Damu ilikuwa nyekundu mno na inaruka. Watu walikuwa wameshika vichwa. Nikashuka, nikapiga goti, nikatoa mkanda wangu.

Nilifunga juu ya goti, katikati ya paja, nikavuta, nikaanza kusokota. Mzunguko wa kwanza sawa. Wa pili kijiti kikaanza kupinda kama mkate wa mofa uliolowa. Wa tatu kikakatika katikati, tak, na vipande viwili vikanibaki vidoleni. Damu ilikuwa imepungua kwa sekunde chache tu, ikarudi.

Kilichomwokoa yule kijana ni kanga na spana. Nikamwambia mama mmoja wa kwenye basi, "Dada, nipe hiyo ya mabegani." Alinipa bila kuuliza. Nikaikunja mpaka ikawa na upana wa vidole vinne, nikafunga juu ya paja fundo moja, tandiboi wa lori akanipa spana yake ya magurudumu, nikaiweka juu ya fundo, nikafunga fundo la pili juu yake, nikazungusha. Spana ya chuma haipindi. Damu ilikata. Kijana alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na hapo ndipo nilipopata matumaini, maana mkanda uliokaa sawasawa unauma vibaya sana. Majeruhi asipolalamika, ama umelegea, ama ameshazama. Nikaishika ile spana kwa mkono wangu mpaka mjini, tumepakiwa nyuma ya pikapu ya mtu, nimemfunika kitenge changu. Joto la Novemba mnalijua, na bado alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Mwili uliopoteza damu unapoa, na damu ikipoa haigandi vizuri. Madaktari wa vitani wanaliogopa hilo karibu sawa na jeraha lenyewe, ndiyo maana machela zao zina blanketi.

Kuna kosa lingine lililofanyika siku ile, na hili ni letu sisi Waswahili peke yetu, sijaliona kwenye mafunzo yoyote ya nje. Askari wanafundishwa kuandika saa waliyofunga, kwenye mkanda au kwenye paji la uso, kwa sababu mkanda ukikaa chini ya saa 2 kwa kawaida kiungo hakina tatizo, na kadiri muda unavyozidi hatari inapanda. Basi mimi nikachukua kalamu, nikamwandikia kijana kwenye paji la uso: 5:40. Saa tano na dakika arobaini, asubuhi ile. Hospitali tuliyofika, sitaitaja, daktari kijana wa zamu akasoma 5:40 akatazama saa yake ya mkononi, inaonyesha 12:40. Akahesabu masaa 7. Nikamsikia anamwambia mwenzake kwamba mguu huu umeshakufa, waandae kukata juu ya goti. Nilikuwa bado nimeshika spana. Nikamwambia, "Mwanangu, ni saa tano ya kwetu, si ya kizungu. Ina saa moja tu." Akanitazama, akatazama tena ule uso, akaelewa. Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Chini ya goti hakukuwa na cha kuokoa, lori lilikuwa limeshamaliza. Goti lilibaki. Mtu anayetembea kwa mguu wa bandia anajua tofauti ya kuwa na goti na kutokuwa nalo.

Kwa hiyo kwenye ule mkanda, pale palipoandikwa TIME, tafadhali andikeni kwa mtindo wa saa 24, 11:40, au andikeni kwa maneno, "saa 5:40 asubuhi". Nimewaambia hili wauguzi wengi tangu siku hiyo na kila mmoja anashtuka.

Baada ya hapo nilimwagiza mpwa wangu, ni baharia, aninunulie CAT halisi huko meli yao inakofika, na asichukue kwa mchuuzi wa njiani. Akaleta tatu: mbili nyeusi na moja ya bluu, ya bluu ni ya mazoezi tu. Kila moja imesimama kwa 95,000. Ni hela. Kwa mstaafu ni hela nyingi. Nilikaa nazo mezani jioni nzima, pamoja na mabaki ya ile ya 18,000, nikizipima.

Tofauti ya kwanza ni kijiti. Cha halisi ni kinene, kina mistari ya kukamatia, na ukikishika ncha mbili ukajaribu kukikunja kwa nguvu zako zote hakitikisiki. Cha bandia kilikuwa chembamba na laini, ndani kimejaa vitundu vya hewa, nimeviona pale kilipokatikia. Ya pili ni ile bamba ya plastiki iliyo chini ya kijiti: ya halisi imeinama kidogo kufuata paja na haibonyei. Ya tatu, mshono. Na ndani ya mkanda wa halisi kuna utepe wa pili unaoteleza peke yake. Ndio unaovutwa na kijiti na kubana mguu pande zote sawasawa. Kwenye wa bandia utepe ule ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwepesi upande mmoja. Jeshi la Marekani lenyewe lilishawahi kuwaonya askari wake kuhusu mikanda bandia ya namna hii, na kasoro waliyoitaja ni hiyo hiyo niliyoishika mkononi, kijiti kinachopinda.

Nikajifunga ule wa bluu kwenye paja langu mwenyewe, mlango nimefunga wajukuu wasinione. Niliweka vidole juu ya mguu, pale mapigo yanaposikika katikati ya mgongo wa wayo. Mzunguko wa kwanza, mapigo yapo. Wa pili, yamefifia kama saa ya ukutani iliyo chumba cha pili. Nusu ya tatu, kimya. Maumivu yalinipanda mpaka nyonga, machozi yakatoka, na kijiti kimetulia kwenye kishikizo kama kimepigiliwa msumari. Nilihesabu mpaka 20 nikafungua. Hicho ndicho nilichokuwa nakidai pale Mpapura.

Kasoro zake zipo. Ukiuchukua ukiwa umekunjwa na watengenezaji, hauko tayari. Inabidi uutoe kwenye nailoni, uukunje upya, mkia uache umejitokeza ili mkono mmoja uweze kuuvuta. Velkro yake ikiingia mchanga, na huku kwetu mchanga ni kila mahali, inashika nusu nusu. Haufai kuanikwa juani kwenye dashibodi, plastiki inachoka. Na uliotumika kwa mgonjwa hautumiki tena. Kwa mtoto mdogo sana sehemu yake ya plastiki ni kubwa kuliko paja, hapo ni mikono yako na kitambaa. Jambo ninaloliona mara nyingi kwa wanaojifunza si kosa la mkanda: hawavuti vya kutosha kabla ya kusokota. Mkanda ukilegea mwanzoni, kijiti kitazunguka mpaka kiishe nafasi na damu inatoka. Vuta kwanza mpaka vidole vyako visipenye chini yake, ndipo uguse kijiti. Weka juu ya jeraha kiasi cha vidole vitatu au vinne, kamwe si kwenye goti lenyewe au kiwiko chenyewe. Ukiwa huoni jeraha liko wapi, panda juu kabisa ya paja. Damu ikiendelea, ongeza wa pili kando ya wa kwanza, upande wa juu. Usiufunike kwa nguo, na usiulegeze njiani "damu ipite kidogo". Huko kulegeza kumewaua watu.

Najua nitaulizwa habari za Ukraine. Ni kweli, tangu uvamizi wa Februari 2022 madaktari wa kule wamepokea askari wengi waliokaa na mikanda masaa kwa masaa, kwa sababu ndege zisizo na rubani zinawinda hata magari ya majeruhi na watu hawatoki mpaka giza liingie. Wengine wamepoteza miguu ambayo ingeweza kubaki. Wengine walifungwa kwa jeraha ambalo bendeji ya kukandamiza ingelitosha. Ndiyo maana sasa wanasisitiza mwenye ujuzi aukague tena mkanda kabla ya masaa mawili kupita, na akiweza aubadilishe kwa gozi na bendeji. Fundisho hilo ni la wenye safari ndefu na mtaalamu pembeni. Linatuhusu pia, maana yupo anayetoka ndani huko Nanyumbu au Liwale ambaye saa 2 zinaisha akiwa bado kwenye vumbi. Kwa mtu wa kawaida aliyesimama barabarani na damu inaruka: funga, andika saa, kimbiza.

Vitu vingine nilivyoviweka kwenye mkoba nitavipitia haraka. Bendeji ya kukandamiza, ile yenye ndoano ya plastiki, ni nzuri na rahisi. Ningekuwa na hela ya kitu kimoja zaidi ningechukua hiyo. Gozi yenye unga wa kaolini wa kugandisha damu ni ya kinena na kwapa, mahali mkanda hauingii: unaishindilia ndani ya jeraha mpaka chini kabisa, kisha unakandamiza dakika 3 bila kuchungulia. Bei yake imenishinda. Gozi ya kawaida ya duka la dawa, ukiishindilia vile vile na kukandamiza kwa muda mrefu zaidi, imenisaidia miaka yote. Glavu, mkasi wa kukatia nguo, kalamu ya wino mzito. Plasta ya kuziba jeraha la kifua ninayo lakini sijaitumia, siisemei. Nikikumbuka kwamba Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati wa mapigano ya Mahiwa hapo Lindi, Wajerumani walikuwa wameishiwa mpaka wanafungia vidonda vitambaa vya magome ya miti, na kwamba mwezi uliofuata waliacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi wao huku upande wa Chiwata wakikimbilia Msumbiji, basi hata duka la dawa la kijijini naliona ni neema. Wapagazi wetu wa vita ile hata magome hayo ni wachache waliofungiwa.

Mkanda wa bluu nautumia kufundishia vijana wa kijiwe cha bodaboda hapa Chikongola. Tunakutana Jumamosi jioni baada ya alasiri, kwenye benchi lao chini ya mwembe. Mara ya kwanza kijana mmoja alichukua zaidi ya dakika mbili kumfunga mwenzake. Wiki ya tatu alikuwa anamaliza kabla sijahesabu 30, tena amefumba macho, kwa sababu nilimwambia usiku Mpapura hakuna taa. Wananiita Bibi Spana. Mikanda miwili myeusi sikukaa nayo yote. Mmoja uko kwenye mkoba wangu, umekunjwa tayari, bila nailoni. Mwingine nilimtafuta yule tandiboi mpaka nikampata, kwenye ghala la korosho, nikampa mkononi. Alitaka kuuweka ndani ya kisanduku cha vifaa, chini ya jeki. Nikamwambia hapana, baba, ufungie kwenye mkanda wa kiti, upande ambao mkono wako unafika ukiwa umelaliwa.